Kulwa na Doto

Nilivuka kwa pantoni ya asubuhi kutoka Kamanga,
laki tisa na nusu nimezifunga kiunoni kwa khanga ya ndani,
na msumeno wangu wa zamani ndani ya kiroba cha mbolea.
Si wa kuuza. Nilikwenda nao
kama mtu anavyokwenda kununua kiatu
amevaa kile kilichotoboka,
mguu usije ukasahau ukubwa wake.

Mtaa wa Rufiji, duka la tatu baada ya wauza pampu.
Kijana wa kaunta, kucha safi:
"Mzee ndiye kakutuma?"
Nikamwambia mzee ni mimi.
Akacheka, kisha akaliona kovu la mkono, akaacha.

Akautoa mpya kwenye boksi.
Rangi ya chungwa bivu, upanga mrefu,
mnyororo ambao haujawahi kuuma kitu.
"Huo mkweche tuachie, tukupunguzie elfu sitini.
Tutautoa vipuri."

Vipuri!
Nikafungua mdomo wa kiroba nikamwonyesha:
kamba ya kuwashia niliyoisokota kwa uzi wa nyavu za sangara,
skrubu ya baiskeli,
kizibo cha dawa ya ng'ombe
nilichokichonga mpaka tangi likakikubali,
ringi za pistoni mara tatu, kabureta mara mbili,
mpini uliovunjikia Nyehunge, nikaufunga ngozi mbichi,
ikakauka, ikakaza kuliko bolti.
Kusema kweli sijui kimebaki nini cha siku ile
nilipoununua Geita kwa mchimba dhahabu
aliyekuwa anarudi kwao bila viatu.
Labda mlio.
Na mlio nao umebadilika, siku hizi unakohoa kwanza
kama baba mkwe anayekaribia ua.

Nikalipa yote. Sikupunguziwa hata mia.

Kwenye pantoni mkata tiketi akadai nauli ya mizigo miwili.
"Mmoja mzima, mmoja mgonjwa," nikamwambia.
"Mgonjwa hulipa nusu."
Akanilipisha miwili.

Mjukuu wangu Ng'wandu akaupapasa ule mpya, akasema, huyu Doto.
Basi ule mwingine, miaka kumi na saba hauna jina,
jioni hiyo ukawa Kulwa.

Wiki ya pili upepo ukalaza mkaratusi
katikati ya njia ya mwaloni.
Wanawake wa dagaa wamepanga ndoo, wanasubiri, jua linapanda.
Nikaingia na Doto.
Alikata kama anakata muhogo uliochemshwa,
nami nikanogewa, nikasahau kuangalia
gogo limeegemea wapi.
Gogo likakaa.
Likambana Doto katikati, kimya.

"Laki tisa imemezwa!" akapiga kelele Nkwaya, ndoo kichwani.
Kabari niliziacha nyumbani, kwa jeuri ya kitu kipya.
Kuvuta ni kuvunja upanga.
Nikamtuma Ng'wandu mbio.

Vuta ya kwanza, hakuna. Ya nne, hakuna.
Ya tisa Kulwa akakohoa,
akatoa moshi wa buluu, wanawake wakafunika dagaa.
Nikamwingiza kutoka chini, shibiri moja pembeni ya mwenzake.
Akatafuna taratibu,
kama bibi anayekula muwa kwa magego mawili,
anasimama, anapumua, anarudi,
mpaka gogo likaachama
na Doto akatoka bila mkwaruzo,
vumbi la mti tu usoni.

Hakuna aliyepiga makofi. Ndoo zilipita.

Usiku nikawanoa wote kwa tupa moja, Kulwa kwanza.
Anavuja oili, ndiyo tabia yake,
nikamwekea kopo lake la maziwa chini kama siku zote.
Nikazima taa.
Nikaiwasha tena.
Nikatafuta kopo la pili, nikaliweka chini ya Doto,
kavu, linang'aa, halina kitu bado.